Nafasi ya Mtu Mmoja

Walipouleta ule mtumbwi kibandani kwake, fundi turubai alidhani ni jeneza la mtu mrefu. Ulikuwa mwembamba kama ganda la ubuyu, umefunikwa juu toka pua hadi mkia, na katikati una tundu moja tu la kuingiza kiuno. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapachika macho ya shaba, yale ya kupitishia kamba, kwenye turubai la lori, wala hakuinuka. Aliyeubeba ni binti yake, begani, peke yake, kama mtu anayebeba ngazi. Nyuma yake alikuja Mkuu wa ghala la dawa, mikono mitupu, anatabasamu.

"Shikamoo baba," alisema binti, akaulaza mtumbwi juu ya rundo la mabaki ya turubai.

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, baba. Ndio usafiri wetu mpya."

"Wetu wa nani? Mimi naona nafasi ya mtu mmoja."

Mkuu akacheka. Ubaya wake mkubwa Mkuu ni kwamba hakasiriki. Unaweza kumsema mchana kutwa na jioni akakwambia ahsante kwa maoni yako. Mtu asiyekasirika utagombana naye vipi? Fundi alikuwa amelitafuta jibu la swali hilo tangu siku aliyomzika mkewe, na hajalipata.

"Ni mwepesi, mzee wangu, lakini usiudharau," Mkuu alisema, akiupapasa mtumbwi mgongoni. "Mtu mmoja, kasia moja lenye bapa huku na huku, hakuna mafuta, hakuna moshi. Ukiwa umesimama unayumba, utadhani unataka kukutupa. Ukianza kwenda unatulia tuli. Kona ndiyo haipendi, ni mrefu, unataka kunyooka. Kwa hiyo unausaidia kwa miguu, humu ndani kuna usukani wa kukanyaga, na mwili unaulalia upande kidogo. Wa kuogopa ni upepo wa ubavuni tu. Ukishaujua huo, unavipita visiki vyote vya bwawa hili mtu hajamaliza chai."

Aliongea kama bwana harusi anayemsifia mchumba. Fundi akaona pale pale: huyu mtu anaupenda.

"Wewe umeujulia wapi?"

"Nilipokuwa masomoni. Tulikuwa tunashindana."

"Ahaa." Fundi akachomoa pini mdomoni. "Kwa hiyo ulitutafutia kitu ulichochezea ujanani."

Binti akamkazia macho baba yake. Mkuu akacheka tena.

"Mgonjwa anakaa wapi?" fundi akauliza.

"Huu ni wa kupeleka dawa, mzee. Dawa zinaingia humu nyuma, kwenye mfuniko huu. Mpeleka dawa anakwenda, anashusha, anarudi."

"Nimesikia. Mgonjwa anakaa wapi?"

"Dawa ikifika mapema, wagonjwa wanapungua."

"Nimekuuliza wanaobaki."

Mkuu akatazama mlangoni, kisha akarudi kwenye mtumbwi, penye raha. Akaonyesha lile tundu. Maji yakirushwa na mawimbi, alisema, yanaingia hapa na kumlowesha mtu. Kinatakiwa kifuniko cha turubai, kibane ukingo wa tundu na kimbane mpeleka dawa kiunoni, maji yapite juu. Vilivyokuja na mitumbwi vilipotea njiani. Wapeleka dawa wako wengi, lakini aanze na hiki kimoja cha binti yake.

"Ila usikaze sana, mzee. Mtu akipinduka avute mara moja, kitoke chote."

Hapo ndipo fundi alipoinuka. Usikaze. Yeye, ambaye tangu ndevu zake zikiwa nyeusi hajashona kitu kikalegea. Malori yalipita kwenye dhoruba na mizigo yao mikavu chini ya maturubai yake, madereva walitoka mbali kumtafuta, wakisema nenda kwa yule, la yule halifunguki hata kwa shetani. Leo mtu wa ofisini, aliyeficha vifuniko njiani au kuvisahau, anakuja kumfundisha kufanya kazi ya kulipua.

"Sishoni majeneza," alisema. "Nendeni kwa seremala."

Mkuu akaaga kwa adabu zake zote na kuondoka. Binti akabaki, amesimama, mikono kiunoni, vile vile alivyokuwa anasimama mama yake.

"Baba, umeniaibisha."

"Yeye hajaona aibu, wewe uone ya nini?"

"Jumatatu naanza safari. Ukishona sawa. Usiposhona nitakwenda na tundu wazi, maji yakiingia nitayachota kwa kikombe."

Akauacha mtumbwi palepale, akamwacha baba yake nao, wawili hao wanatazamana.

*

Ng'ambo ya bwawa kuna watu, tena wengi, na zahanati moja isiyo na daktari. Kuzunguka kwa barabara ni safari ya siku nzima kama daraja halijazama. Kwa hiyo tangu bwawa lijae palikuwa na boti, boti kubwa ya injini, ya ghala la dawa. Ilikwenda na dawa, ikarudi na wagonjwa. Ilikuwa na ubao wa kulala katikati na kivuli juu. Nahodha wake alijua njia kati ya visiki kama anavyojua njia ya chooni kwake.

Kisha wakaja wakubwa wapya na hesabu zao, wakasema boti inakula mafuta. Isimame kwanza, ikisubiri uamuzi. Wakaivuta juu ya magogo ya kuviringishia kwenye ua wa ghala, kando ya maji, wakamwita fundi turubai aje aifunike isiharibiwe na mvua. Fundi akashona kazi ya maisha yake. Tabaka mbili, kamba nene inapita kwenye macho ya shaba pande zote, mafundo aliyofundishwa na marehemu mwalimu wake. Mvua zikaja, zikaisha. Turubai likabaki. Nahodha wakampa rungu na kiti cha kukalia getini, akawa mlinzi wa boti aliyokuwa akiiendesha.

Mkewe fundi alikwenda ng'ambo kumsalimia dada yake, akakamatwa na tumbo. Simu zikapigwa. Fundi akakimbia ghalani na viatu vya kuazima, akaambiwa boti imesimamishwa, uamuzi haujafika. Akaambiwa na nani? Na Mkuu, kwa upole. Akasema ifungueni basi, uamuzi utatukuta njiani. Akaambiwa, kwa upole vilevile, kwamba mambo hayaendi hivyo. Mwishowe wachimba mchanga ndio waliomleta mama wa watu juu ya mchanga mbichi, kwa jahazi lao linalokokotwa na upepo. Alipofika gatini hakuwa tena mtu wa kupelekwa hospitali.

Na uamuzi haujafika mpaka leo. Badala yake imefika mitumbwi ya kuchezea.

Mchana ule wa kuletwa mtumbwi, walipomaliza kula, binti alikuwa anaosha vyombo nje na fundi amekaa kizingitini. Binti ndiye aliyeanza.

"Baba, mimi sikuuchagua. Lakini nimeujaribu. Unakwenda, baba. Nikipiga kasia nasikia maji yanapasuka chini kama kitambaa."

"Umeshakuroga na wewe."

"Ng'ambo hawana dawa tangu mwezi uliopita. Watoto wana homa. Nikikataa mimi, nani anakwenda? Mama angekuwa na dawa karibu, labda..."

"Mama yako hakukosa kidonge," fundi alisema. "Alikosa mahali pa kulala."

Binti akashika sahani moja kwa muda mrefu, maji yanadondoka.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nilichukua kazi hii. Wewe unadhani nilichukua kwa sababu gani?"

Fundi alikuwa amezoea kukasirika peke yake, kama mtu mwenye shamba lake. Hakujua kwamba binti naye alilima humo humo, ila kwa jembe lingine. Akainuka, akachukua ufunguo wa kibanda.

*

Akashona. Akasema moyoni: mwanangu haendi majini na kitu kilicholegea, Mkuu apende asipende. Akachagua turubai zito la kijani, akalikunja mara mbili, akalipima kwenye ukingo wa tundu mpaka likakaa kama ngozi kwenye ngoma. Akapachika macho ya shaba kuzunguka, akapitisha kamba, akalifunga kwa mafundo yaleyale ya malori. Kiunoni akatia mkanda wenye bizimu la chuma. Alipomaliza akamwaga ndoo nzima ya maji juu yake. Tone halikuingia. Akamwaga nyingine, kwa raha tu.

"Sasa hiki ndicho kifuniko," akajisemea. "Usikaze, usikaze. Hayo ni maneno ya mvivu."

Jumamosi asubuhi wakakutana kwenye maji mafupi nyuma ya ghala. Mkuu alikuja amevaa kaptula. Nahodha alitoka getini na rungu lake, akasimama karibu na boti iliyofunikwa, anasema amekuja kuona vijana wanavyooga.

"Kapteni wa kiti," fundi akamtania, "leo umepata ruhusa ya kusimama?"

"Nimesimama nisije nikashonewa turubai na mimi," Nahodha alijibu. "Naona ukikaa kidogo tu ua huu unafunikwa."

Kwanza aliingia Mkuu, kabla kifuniko hakijafungwa, kuonyesha. Fundi aliomba kimoyomoyo apinduke. Mtu mwenye tumbo, kaptula, miwani, apinduke matope yamjae masikioni, iwe hadithi ya mji. Hakupinduka. Mtumbwi uliyumba mara moja chini yake kama unamjaribu, akapiga kasia, na lo, ukanyooka, ukaondoka kama sindano inayoingia kwenye kitambaa. Alikwenda mpaka kwenye visiki, akaulalia ubavu, ukazunguka kisiki bila kukigusa, akarudi uso unang'aa. Alikuwa mwingine kabisa. Na fundi alizidi kukasirika, maana ni rahisi kumchukia mtu asiyejua kitu, lakini anayejua, tena vizuri, halafu akakijua kwa faida ya raha zake tu, huyo umfanye nini?

"Sasa wewe," Mkuu alimwambia binti. "Funga kifuniko, nenda mpaka kwenye kile kisiki cheupe, urudi. Kisha pinduka makusudi hapa hapa, maji ya kiunoni. Lazima ujue kutoka."

Fundi mwenyewe alimfungia binti yake. Alivuta kamba ameegemeza goti kwenye mtumbwi. Binti akaenda, akarudi, mgongo umenyooka, hana papara, na hata Nahodha akaguna kwa kuridhika. Akafika mbele yao, akavuta pumzi, akajitupa ubavuni. Mtumbwi ukageuka, tumbo juu, binti kichwa chini.

Wakangoja atokeze upande wa pili.

Hakutokeza. Mikono yake ikachomoza huku na huku ya mtumbwi, ikalipiga tumbo la mtumbwi, pa, pa, kisha ikazama kutafuta ukingo. Fundi akaona mtumbwi unatetemeka wote. Akaelewa kabla ya wenzake. Kifuniko hakikulegea. Kilikuwa kimeshika, vilevile alivyokishona kishike. Lake halifunguki hata kwa shetani.

Aliingia majini na kisu chake cha kukatia turubai. Mkuu alishafika. Alikuwa ametia bega chini ya ubavu wa mtumbwi na kuuinua, mishipa imemtoka shingoni, mpaka pua ya binti ikapata hewa pembeni. "Kata," alisema, "kata mbele." Fundi akapapasa chini ya maji, akaipata kamba, akaikata, akaingiza kisu kwenye tabaka mbili za kazi yake na kuzichana mpaka mwisho. Binti akatoka kama samaki aliyemwagwa kutoka kwenye ndoo, akakaa kwenye matope, anakohoa maji na kukohoa tena.

Nahodha akavua koti lake la ulinzi, akamfunika binti mabegani.

"Nilikwambia usikaze, mzee," Mkuu alisema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira.

Binti akainua uso.

"Alikwambia?"

Fundi akatazama kisu chake.

"Baba. Alikwambia, ukasikia, ukakaza?"

"Nilisikia nani anasema," fundi alijibu. "Sikusikia anasema nini."

*

Cha pili alikishona Jumapili, mlango wa kibanda umefungwa asije mteja wa lori akamkuta. Ilimbidi aiendee kinyume mikono yake. Badala ya kamba alitia mkanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu, ubane ukingo kwa kujivuta tu. Kiunoni nako, badala ya bizimu, mpira. Mbele akashona kitanzi cha mkanda mwekundu, kirefu, cha kuonekana hata na mtu aliyefumba macho kwa hofu. Ukikivuta, kifuniko chote kinabanduka kama ganda la yai. Alikivuta mara nyingi sana. Kila kilipobanduka mwili ulimsisimka, kama anaona kazi mbovu. Akawaza kwamba ameishi miaka yake yote akidhani kazi nzuri ni ile inayoshika, na Mkuu, Mkuu wa watu, ndiye aliyelijua hili. Wazo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini hakulitema. Akalimeza.

Binti akapinduka makusudi tena jioni ile, baba yake amesimama ndani ya maji karibu naye. Akavuta kitanzi, akatokeza upande wa pili anacheka.

"Kazi ya kulipua hii, baba."

"Nyamaza."

Jumatatu akaenda. Dawa nyuma, kifuniko kiunoni, kitanzi chekundu mbele. Fundi alifunga kibanda aende kumtazama akiwa kwenye ua wa ghala. Binti aliondoka kwa kuyumba, akatulia, na muda mfupi tu alikuwa ameshavikuta visiki. Mtumbwi ulipita mahali ambapo boti ingebidi izunguke mbali. Ulikuwa unafaa, asiseme uongo mtu. Kwa maji yale, kwa dawa zile, kwa msichana yule, ulifaa. Fundi alijikuta anataka kumwonyesha mtu, yule ni wangu, akakasirika kwamba anafurahi.

"Anajua," Nahodha alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Anajua kupeleka," alisema fundi. "Tungoje kurudisha."

Haikuwa lazima wangoje sana. Walikuwa bado wanabishana kuhusu chai ya nani haina sukari, Nahodha akasimama na kukinga jua kwa mkono. Mtumbwi ulikuwa unarudi, na ulikuwa unarudi kwa kasi isiyo ya mtu aliyemaliza kazi. Binti hakuusimamisha, aliupandisha matopeni, akavuta kitanzi, akatoka akikimbia. Mikono yake ilikuwa na damu isiyo yake.

"Msaga unga," alisema. "Mkanda wa mashine umemla mkono. Nimemfunga juu ya kiwiko, damu imepungua, lakini haijakatika. Wamemlaza gatini kwao. Ananiuliza boti iko wapi. Nimwambie nini?"

Mkuu alishatoka ofisini aliposikia kelele. Akasikiliza, akageuka rangi, akatoa simu mfukoni.

"Ngojeni niwapigie wa juu."

"Ngoja," fundi alisema. Aliliita neno lile taratibu, kama anamwita mtu anayemfahamu. "Hilo ngoja nalijua. Nimekaa nalo kwenye ua huu huu."

"Mzee, nikiitoa boti bila ruhusa..."

"Mkubwa, nilikuuliza siku ile mgonjwa anakaa wapi. Leo yule kule amelala, ananyoosha shingo, anakungoja umjibu wewe. Mtumbwi wako una mbio, sikatai. Umewahi. Umewahi kuja kutuambia kwamba umemwacha."

Mkuu alikuwa ameshaweka simu sikioni. Ilikuwa inaita. Fundi hakungoja kusikia nani atapokea. Akaenda kwenye boti.

Mafundo yalikuwa yamekauka kama mawe. Alijaribu moja kwa kucha, la kwanza tu, kwa mazoea ya kutoharibu kazi. Halikutikisika. Basi akatoa kisu. Alianzia mbele, kama alivyomkatia binti yake, akachana. Turubai lilipiga kelele lilipokuwa linapasuka, vumbi la misimu yote likamwagika, na chini yake boti ikaanza kuonekana, kipande kwa kipande, imekaa kama walivyoiacha. Ubao wa kulala ulikuwepo. Mto wake wa mpira ulikuwepo. Buibui walikuwa wamejenga mji.

Nahodha alitupa rungu. Hakulilaza, alilitupa. Akapanda, akafungua injini, akaipuliza kwa mdomo kama mtu anayempepea mgonjwa, akaagiza petroli ya jenereta la ofisi iletwe. Binti akaileta. Nahodha akavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta. Ikakohoa. Akaitukana tusi ambalo mke wake angemfungia mlango, akavuta mara nyingine, ikapiga kelele, moshi mweusi ukafunika ua mzima.

"Sukumeni," akasema.

Fundi alitia bega. Binti akatia bega upande wa pili. Magogo yalikuwa yamezama ardhini, boti haikusogea. Wakavuta pumzi, wakasukuma tena, na safari hii kukawa na bega la tatu. Mkuu. Simu ilikuwa mfukoni, bado inaongea peke yake, sauti ndogo ya mtu anayesema halo, halo. Viatu vyake vya ofisini viliingia matopeni, kimoja kikabaki humo. Boti ikateleza, ikaingia majini, ikainuka, ikaelea.

Binti akaurukia mtumbwi wake, akafunga kifuniko, akatangulia. Maji yalikuwa yamebadilika tangu boti isimame, visiki vingine vimezama, vingine vimechomoza, na Nahodha hakuvijua tena. Aliufuata ule mtumbwi mwembamba kushoto na kulia, yeye polepole na injini yake, binti mbele anamwonyesha kwa kasia.

Ukingoni wakabaki wawili. Fundi alisimama majini hadi magotini, kisu mkononi. Mkuu alikuwa anatafuta kiatu.

"Ilikuwa rahisi hivi," fundi alisema.

Mkuu akaendelea kupapasa matopeni.

"Kisu kimoja na mabega matatu. Mimi nilidhani kuna kufuli. Nilidhani kuna kitu ndani kimeharibika ambacho sisi hatukijui, nyie wasomi mnakijua. Siku ile ulipokuwa unaniambia mambo hayaendi hivyo, nilikuamini. Nikarudi gatini kumngoja mke wangu, kwa sababu nilikuamini."

"Mzee wangu..."

"Usiniite wako."

Akageuka akatazama maji. Machozi yaliyomtoka hayakuwa ya kufarijika, na hakuyafuta, Mkuu ayaone.

Boti ilirudi jua likiwa bado juu. Msaga unga alikuwa amelala kwenye ubao, rangi ya majivu, macho wazi, binti amekaa chini kando yake ameshika mkono mzima, na mtumbwi unavutwa nyuma kwa kamba. Gari la hospitali lilikuwa getini. Walipompakia alimuuliza Nahodha kama boti itapita tena kesho, maana mkewe atataka kuja kumwona. Nahodha akamtazama Mkuu. Mkuu akatazama kiatu chake.

"Kesho itapita," Mkuu alisema mwishowe. "Kesho kutwa sijui. Nitaulizwa mengi." Kisha akamgeukia fundi, kwa ule upole wake, na kweli alikuwa anamaanisha wema: "Mvua ziko karibu, mzee. Wakisema isimame tena, itabidi ifunikwe. Hili limechanika. Utaweza kulishona?"

Fundi aliliburuta turubai lake mpaka penye sakafu safi ya ghala, akalitandaza lote, akapiga magoti. Lilikuwa kubwa, na isipokuwa pale alipochana, lilikuwa zima bado, kazi ya maisha yake. Akatoa chaki sikioni.

"Wapeleka dawa wenzako wako wangapi?" akamuuliza binti yake. "Wasio na vifuniko."

"Wote, baba."

"Niletee mtumbwi wako hapa. Nataka nipime tundu."

Binti akauleta. Fundi akalichora duara la kwanza katikati kabisa ya turubai, mahali ambapo kiraka hakiwezi kurudisha kitu, akaingiza kisu na kuzungusha. Mkuu akafungua mdomo kusema jambo. Fundi alishaanza duara la pili.